Pont ya Mbele na Ndoo ya Maji

Kakule, zima ile mashine ya soudure, ya kuchomea chuma. Zima, nimesema! Weka ile ndoo ya maji chini, keti apa juu ya tairi, usikilize mujomba yako. Nimetoka Beu mpaka apa Butembo juu ya kukusalimia tu, na umenipandisha hasira mbele hata sijakunywa chai.

Tangu asubuhi unaniimbia: "Mujomba, hii pont ya mbele itakuwa nguvu, haitavunjika tena." Umeipanga chuma juu, umeipanga chuma chini, gari yote inainama sawa ngombe yenye kunywa maji. Na kesho bamama ba soko bapande, uende nabo Mabalako! Mutoto wangu, ile pont, ile chuma ya ekseli, njo inabeba magurudumu mbili ya mbele, na batu bote benye kukaa nyuma yake. Ikikatika, unakamata nini?

Kuko siku moja ingali inanikamata ku roho mpaka leo. Nilikuwa kijana sawa weye, mwenye kujisikia sawa weye, fundi wa soudure ku garage ya Muzee Nzanzu, apa apa Butembo. Baba yako, shemeki yangu, akaleta jeep yake. Pont ya mbele ilikuwa imepasuka ku barabara ya Mabalako, akataka tuiongezee nguvu. Muzee Nzanzu alikuwa na desturi zake. Unakaza kamba toka mwisho mumoja mpaka mwingine, uone kama chuma imenyooka. Unachoma kidogo upande huu, kidogo upande ule, unapima tena na kamba. Ukimaliza unaifunika na majivu makavu, ipoe yenyewe. Na safari ya kwanza, fundi mwenye alichoma njo anakaa mbele, pembeni ya shofere. Sisi bavijana tulikuwa tunamucheka muzee wa watu mpaka machozi.

Siku ile muzee alienda ku kilio, Kirumba. Mimi nilikuwa na répétition, mazoezi ya chorale ku paroisse. Nilipewa kuimba peke yangu ku misa, donc kichwa ilikuwa imevimba. Nikachoma upande wa juu wote mara moja, mustari murefu, muzuri wa kuangalia. Kamba? Sikuigusa. Chuma ikiwa ingali nyekundu, nikaimwangia ndoo nzima ya maji, tsss! Nikanawa uso, nikavaa shati ya chorale.

Baba yako akaniuliza: "Kasereka, hatuende pamoja?"

"Enda tu, shemeki," nikamujibu. "Hiyo chuma itatuzika sisi bote."

Yesu wangu! Unasikia mudomo ya mujinga?

Ku mushuko wa matope, karibu na Mabalako, pont ikakatika palepale pembeni ya soudure yangu. Gurudumu ikalala, jeep ikapinduka. Tushukuru Mungu, alikuwa peke yake. Mguu ukabaki chini ya gari, batu ba mashamba bakamutoa kwa kuchimba na majembe. Ule mguu baba yako anavuta kila siku, weye na bandugu zako muliambiwa ni mvua iliharibisha barabara. Hapana mvua, Kakule. Ni mimi.

Muzee Nzanzu aliporudi, alikaza kamba juu ya ile pont yenye kukatika. Ilikuwa imepinda sawa ndizi, kwa sababu moto wa upande mumoja unavuta chuma, na maji ya baridi inafanya chuma moto ikatike sawa chupa. Hakupiga kelele. "Uliiunguza, halafu ukaiogesha," alisema. "Na weye ulikuwa wapi?" Nikasema: kuimba. Mais, ile haya ilinikamata! Heri angenipiga kofi.

Nikafika hospitali nikilia. Baba yako akanivuta shati, akasema: "Hapana ambia dada yako. Ataacha kukusemesha, na mimi sitaki." Miaka yote amenyamaza. Mama yako angali anatukana barabara ya Mabalako, na mimi nakaa pale nakula sombe yake ya majani ya muhogo, naitika: eh, barabara ile ni mubaya. Sasa nimechoka. Leo jioni nitamuambia mwenyewe.

Donc, mutoto wangu, kata ile soudure yote. Hapana nuna! Anza mupya: pima, choma kidogo, geuza upande, pima tena, acha ipoe hata kama bamama banakuitia ku telefone. Chuma nyingi hapana nguvu kama imepinda ndani. Na ukisikia roho inakataa kupanda mwenyewe mu gari yenye umetengeneza, ujue kazi haijaisha, hapana pandisha mutoto wa mutu.

Mungu Baba akubariki, mwana wa dada yangu. Abariki hizo mikono zako. Na kila mutu mwenye atapanda gari yako, ashuke na miguu yake yote mbili.