Ndama Mwenye Mama Wawili

Kompyuta ilikataa ndama wangu. Ndivyo alivyoniambia fundi wa chumba cha kompyuta, akicheka, asubuhi niliyovua viatu mlangoni kama ilivyokuwa sharti miaka ile ya tisini na kuingia kwa soksi, disketi mkononi. Skrini iliandika kwamba kuna kosa: mnyama huyu ana mama wawili. Nikaruka mstari huo. Mwingine, kosa lile lile. Ukurasa kwa ukurasa.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya biolojia Nairobi. Profesa wangu alikuwa ameandika programu ya kufuatilia nasaba za ngamia. Unaipa jina la mama, unaipa ndama, unaiambia kama ndama alivuka ukame au alikufa, nayo inakokotoa ukoo upi una damu inayostahimili. Kukusanya habari hizo ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mimi ni binti wa Garissa. Nilipanda malori ya mifugo hadi Takaba, mbali huko kaskazini. Sikumuuliza mfugaji hata mmoja ana ngamia wangapi, maana kwetu kuhesabu mali ya mtu ni kumpiga jicho baya, na ukiuliza utapewa uongo wa adabu. Nilisema tu, "Nitajie ngamia wako, na mama yake, na mama wa mama yake," nao wakanitajia mpaka vidole vikafa ganzi kwa kuandika.

Fomu ilikuwa na nafasi moja ya mama. Lakini ngamia akifiwa na mtoto, maziwa yake hukauka, kwa hiyo wafugaji humzoeza ndama wa mwenzake mpaka amkubali, na ndama mmoja akawa ananyonya mama wawili. Sisi tunaita sidig. Wazee walipotaja wawili, niliandika wawili katika nafasi ile ile, wala sikusita. Mgeni angeuliza. Mimi nimekulia humo, sikuona cha kuuliza.

"Futa mistari hiyo yote," alisema profesa.

"Ni ya kweli, bwana."

"Mnyama ana mama mmoja. Hiyo ndiyo biolojia. Hizo nyingine ni hadithi za wachungaji. Usipofuta, sitatia sahihi tasnifu yako."

Hadithi za wachungaji! Masikio yaliniwaka moto. Lakini siwezi kujisifu uongo: niliogopa. Nilikuwa msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika chuo kikuu, na walikuwapo watu waliokaa wakisubiri nirudi mikono mitupu wapate la kusema. Basi nikamwomba profesa wiki mbili. Nilikuwa nimeamua kwenda kwa mjomba wangu, ambaye ngamia wake walikuwa wengi katika ile mistari, anisaidie kuchagua mama mmoja kwa kila ndama. Kisha ningepiga simu kusema nimefuta.

Nilimkuta siku ya soko la mifugo, Garissa, vumbi limemfika hadi kwenye nyusi. Nikamweleza, nikamsomea mstari wa ndama wake mmoja.

"Abti, nichagulie," nikasema.

Mimi humwita abti, naye huniita abti, ndivyo ilivyo kwetu kati ya mjomba na mpwa. Alinitazama kama mtu anayetazama ngamia aliyeuziwa akiwa kiwete.

"Yule mwekundu alimzaa. Yule mwenye sikio lililopasuka alimlisha mpaka mvua ikanyesha. Ukimfuta huyu wa pili, abti, andika basi kwamba ndama aliishi kwa kula upepo."

Halafu akanionyesha mkewe kwa fimbo. Mke huyo alikuwa amekaa na vibuyu vyake vya maziwa upande wa pili wa njia, akigombana na mteja. "Na wewe je, abti? Tukufute upande gani?"

Mama yangu mzazi alipata homa kali baada ya kunizaa. Aliyeninyonyesha ni huyo mkaza mjomba, titi moja langu, jingine la mwanawe. Kwa dini yetu wanawe ni ndugu zangu, hakuna awezaye kunioa. Nilikuwa nayajua hayo maisha yangu yote, na bado nilitaka kufuta. Niliona haya, na haya hiyo ikageuka hasira.

Tukaenda pamoja kwenye kibanda cha simu cha posta. Profesa alipokea.

"Umefuta?"

Kabla sijafungua kinywa, mjomba alininyang'anya mkonga wa simu. "Brofesa, asalaam aleykum! Mimi abti yake. Ile ngamia mama yake mbili. Moja nazaa, moja nanyonyesha. Wewe habana kuona, kwa hifyo habana kufuta. Kuja Garissa, mimi nabatia wewe chai, naonesha wewe." Akakata simu. Nikacheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikaikumbuka tasnifu yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilirudi Nairobi bila kufuta hata mstari mmoja. Fundi yule alinifundisha kufungua programu na kuigawa ile nafasi: mama wa kuzaa, mama wa kunyonyesha. Ilinichukua majuma mengi ya soksi na macho mekundu. Printa ilipokwaruza majibu, ukoo mmoja ambao profesa alikuwa tayari anausifia kwa damu bora katika makala aliyokuwa akiandika ulishuka ukakaa katikati pamoja na wenzake. Ndama wake wengi walikuwa wamelelewa na mama wawili. Katika fomu zangu, kilichowavusha ndama ukame kilikuwa maziwa ya pili.

"Unajua hii itafanya nini kwa makala yangu?" aliuliza profesa.

"Najua."

"Una kiburi."

"Ninacho," nikasema.

Alikalia tasnifu yangu karibu mwaka mzima. Kila Jumatatu nilikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya mlango wake, nikimwamkia kwa adabu zote kila alipotoka. Mwisho alitia sahihi bila kuinua kichwa. Hakuniomba radhi, nami sikuisubiri.

Ikaja fomu ya mahafali. Jina la mama: mstari mmoja. Niliandika majina mawili, kwa herufi ndogo ndogo ili yaenee. Karani akayasoma, akanirudishia karatasi.

"Dada, mama ni mmoja tu hapa. Nafasi haitoshi."

Nikaisukuma fomu upande wake wa meza. Nikamwambia, basi ongezeni nafasi.