Nesi Aliyeikataa Fimbo

Jumanne moja mwezi uliopita, kabla ya adhuhuri, simu ilianza kutetemeka mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe, kwenye kundi letu la mtaa hapa Makorora. Nesi wetu kafariki. Presha, ndivyo walivyosema. Katoka zamu, kajinyoosha kitandani apumzike kidogo, hakuamka tena. Nimekaa nimeduwaa, pole zinamiminika, mara jamaa mmoja aliyehamia juzi tu akauliza, "Alikuwa daktari wa wapi huyo?" Mwingine akamjibu, "Hakuwa daktari bwana, nesi tu." Wallahi damu ilinipanda. Nikaandika jibu, nikalifuta, nikaandika jingine kali kuliko lile, nikalituma. Nikatolewa kwenye kundi. Sawa. Hapa kwenye safu yangu gazetini mnisome mpaka mwisho.

Jina lake silitaji, mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Udaktari mimi sikuusomea, na hata shule yenyewe sikukaa sana. Lakini hicho kidogo ninachokijua juu ya kukinga maradhi nimekipata kwa yule mama, na nilianza kwa kumfanyia ufedhuli. Ilikuwa msimu wa dawa za matende na mabusha. Wasomaji wangu wa pwani hamna haja ya kuelezwa sana: mbu anakuuma, anakuachia vijidudu, miaka inapita, mguu unavimba kama gogo, na kwa sisi wanaume huvimba pale pasipotajwa mbele za watu. Vidonge vikaletwa nyumba kwa nyumba, ameze mgonjwa na ameze mzima, ili mbu akose cha kubeba. Idadi ya vidonge inakwenda na urefu wa mtu, na urefu walikuwa wanaupima kwa fimbo ndefu yenye mistari ya rangi. Unasimama wima, fimbo inasimamishwa ubavuni kwako, wanaangalia utosi umefika wapi. Basi mtaani kwetu walipoiona ile fimbo, milango ilifungwa. Zoezi lilikuwa la siku tatu, mbili zikaisha hakuna hata mtu mmoja aliyemeza. Ikipita ya tatu, maboksi yanaondoka, na sisi tunabaki na mbu wetu mpaka mwaka mwingine.

Mimi nakaa na mjomba, kaka yake marehemu mama, ndiye aliyenilea. Ni fundi viatu, lakini mtaa mzima unamjua kwa kazi nyingine: akifa mwanamume, yeye ndiye muoshaji, na yeye ndiye anayechukua ufito akampima maiti kutoka utosini mpaka nyayoni, akaupeleka makaburini ili wachimbaji wajue urefu wa kuchimba. Siku ile ya pili hodi ilipigwa, nikafungua, nikamkuta nesi na mwenzake kashika fimbo. Sikungoja salamu. Niliipokonya ile fimbo, nikaivunja kwenye goti vipande viwili.

"Sista, humu ndani hamna maiti!"

Mwenzake akaanza kunifokea. Nesi akanitazama tu, halafu akauliza kwa dhati kabisa, "Kwani nani kafa?"

Mjomba akajibu toka ndani. "Hajafa mtu, mama. Ila huku kwetu binadamu hupimwa kwa fimbo mara moja tu, na siku hiyo hana la kusema. Wewe unawapima na pumzi zao. Nani atakubali?"

Yule mama alikuwa Mbondei, Mkristo, kwao ni bondeni huko njia ya kupandia milimani Amani. Miaka yote aliyofanya kazi mjini, hilo hakulijua. Mwingine angetuona washamba akaenda zake. Yeye alivua viatu, akaingia, akakaa kwenye mkeka. Na kwa kuwa sisi Wadigo na wao Wabondei ni watani tangu babu zetu, akaanza palepale: "Kumbe Mdigo naye anaogopa kufa? Mimi nilidhani mnaogopa kufanya kazi tu."

"Mbondei akifa tutampima kwa ndizi," mjomba akasema, "maana ndiyo mliyoumbwa nayo." Wakacheka wote wawili. Mimi bado nimesimama na vipande vyangu vya fimbo, nimejaa hasira ambazo hakuna anayezitaka.

Halafu nesi akamwambia mjomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema ndani ya nyumba ile. Mjomba alikuwa na busha. Miaka na miaka kashonewa kanzu pana, msikitini anakaa safu ya nyuma kabisa, na sisi tunajifanya hatuoni. (Kanipa ruhusa niandike. Kasema, "Andika, mjomba, lishakatwa hilo, litanishtaki wapi?") Nesi akasema: "Mtani, sitakudanganya. Hivi vidonge haviondoi hilo ulilonalo. Hilo linataka kisu, na ukiwa tayari nitakupeleka mwenyewe. Lakini ukimeza, mbu akikuuma wewe hatapata cha kumpelekea huyu mpwa wako mwenye goti la chuma. Wewe unameza kwa ajili yake." Mjomba akasema, "Niondolee fimbo, nitameza hadharani."

Mkubwa wa zoezi hakufurahi. Nilikuwepo, maana nilifuatana na nesi kwenda kuomba radhi kwa ile fimbo. Yule bwana kashika fomu, anasema utaratibu ni fimbo, basi huo mtaa uandikwe umekataa, msafara usonge mbele. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nesi akaweka mkono juu ya fomu. "Usiandike wamekataa, mzee. Dawa hawajaikataa. Wamekataa kupimiwa kaburi, na hata mimi ningekataa. Nipe kesho." Akamwambia pia, "Mngeniita siku mnayopanga haya mambo, tungeulizana mapema. Mimi mnaniita mkishamaliza, nije nibebe boksi." Yule bwana akaikunja fomu, akampa hiyo kesho.

Asubuhi ya siku ya tatu nesi akaja na futi ya fundi cherehani na kipande cha chaki. Vipimo vyote vya ile fimbo akavihamishia kwenye miimo ya milango, nyumba baada ya nyumba. Mtu unasimama kwenye mlango wako mwenyewe, mlango unaopita kila siku kwenda sokoni, yeye anaangalia utosi umefika mstari gani. Wa kwanza alikuwa mjomba. Alisimama mlangoni na kanzu yake pana, muoshaji wa maiti mwenyewe, akameza mbele ya mtaa, akanywa maji, akasema, "Haya, nimepimwa na sijafa. Mnangoja nini?" Jua lilipozama boksi lilikuwa tupu. Miezi michache baadaye nesi alimfuata kama alivyoahidi, akampeleka hospitali. Siku hizi mjomba anakaa safu ya mbele, na kanzu zake zimepunguzwa.

Nesi tulikwenda kumzika kwao bondeni. Umati, kwaya, wakubwa na suti zao, yule bwana wa fomu akiwemo, maana sasa kapanda cheo. Jeneza lilipotaka kutolewa uani, mjomba akajilaza chini njiani, na kanzu yake nyeupe. Wenyeji walielewa mara moja. Mtani ana haki yake msibani, hata ya kuzuia jeneza mpaka apewe anachotaka. Wageni wakaanza kunong'ona.

"Mbondei huyu haondoki!" akapiga kelele. "Kwanza mniambie. Siku mnayopanga kutukinga na maradhi, nesi atakayeshika nafasi yake atakaa mezani, au mtamwita mkishamaliza?"

Watu wakamgeukia yule bwana. Akakohoa. "Mzee wangu, tutaangalia."

"Kinachoangaliwa ni mwezi. Wewe sema."

"Atakaa," yule bwana akasema. "Siku ya kwanza ya kupanga, atakaa."

Mjomba akainuka, akajipangusa vumbi, akaliinamia jeneza, bega lake likatangulia kulibeba.

Ahadi ya msibani ni rahisi kutoa, na mimi nikimpenda mtu siachi. Wiki ile ile nikaenda ofisini kwa yule bwana kuuliza. Nikaambiwa kikao bado. Nikaenda tena juzi. Mlango ulikuwa wazi, wanapanga chanjo ya watoto, na mezani nikamwona binti, nesi aliyepewa nafasi ya marehemu, anasema bila kutetemeka: "Hapana, Alhamisi hiyo kuna maulidi mtaani, kina mama wote watakuwa jikoni. Tuanze Jumamosi." Na wakubwa wanaandika. Nikageuka nikarudi zangu, hata hodi sikupiga. Anayeijua njia ya kufika kwa mgonjwa ndiye wa kutangulia, tena tangu siku ya kupanga safari. Sisi wengine, na vyeo vyetu, tufuate nyuma tubebe boksi.