Sala Mbele ya Sumaku

Naona haya kulisema hata leo, lakini niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba sumaku ya mashine ya NMR, ile inayochungulia molekuli, humnyonya mtu chuma cha damu mpaka abaki mweupe kama karatasi. Aliyeniambia ni Barasa, mlinzi niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja pale mtaa wa Al Rigga, ughaibuni, na mimi na diploma yangu ya masomo ya jioni (niliyoitia fremu kubwa kuliko dirisha letu) sikuuliza hata swali moja, nikaanza kula maini kila siku.

Nilikuwa msaidizi wa maabara kwa Daktari Zuhura, dada wa Unguja, mpole, aliyekuwa akichunguza protini isiyo na umbo maalumu, imelegea kama tambi ndani ya supu. Alitaka kuona fosfeti zikijibandika juu yake moja moja, ipi inatangulia, ipi inafuata, na mashine ingemwonyesha mradi kichupa kiingie mara tu kimeng'enya cha kuzibandika kinapotiwa, maana hicho kikianza kazi hakimngoji mtu. Protini ilibaki ya kichupa kimoja tu, na asubuhi hiyo profesa wake alikuja na wageni kuamua kama aendelee kupewa mashine.

Daktari Zuhura akatia kimeng'enya, akanipa kichupa, akaketi kwenye kompyuta. Nikapanda ngazi, nikaiona ile mashine imesimama kama tangi la maji, nikaikumbuka damu yangu, nikaamua niombe kidogo kwanza, nikawaomba wote wainamishe vichwa. Wakainamisha, profesa naye, na mimi nikishapata kusanyiko (ndio ugonjwa wangu) nikaombea safari zao, viza zao, watoto wao na watakaozaliwa, huku kichupa kikipata joto kiganjani.

Nilipokidondosha ndani, kompyuta ilionyesha fosfeti zote zimeshakaa mahali pake. Tulifika arusini sufuria zinaoshwa. Profesa akasema kwa upole kwamba khalas, imetosha, zamu ya mashine apewe mwingine, wakatoka. Daktari Zuhura akabaki akitazama kioo, machozi yanamlengalenga.

Nikamuuliza kwa nini hakunikatiza.

"Nikukatize unasali, kaka Wekesa? Wewe ungenikatiza mimi?"

Nikamweleza habari za chuma, Barasa na maini. Hakucheka.

"Hospitalini wagonjwa huingizwa mwili mzima kwenye sumaku," akasema, "na hutoka na damu yao yote. Ungeniuliza tu."