Kutoka upande wa Voi hadi mnara wa taa wa kusini: usafiri upi unafika mapema? (Mama alikuwa na swali lake)

Habari zenu wakuu.

Haya nayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Shahidi ni Mama, na yeye hana dogo, hapitishi neno bila kulihakikisha.

Marehemu Baba alikuwa mtunza taa kwenye mnara wa zamani wa kuongoza meli, huko kusini ya Likoni, kwenye ncha ya mawe inayoingia baharini. Sisi kwetu ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau.

Kila akija likizo alimwambia Mama, "Asubuhi kukiwa kweupe nauona mlima wetu kutoka kule juu. Nawaona."

Mama hakuamini hata siku moja. Aliona ni maneno matamu ya mume asiyekaa nyumbani. Mwaka huu akaniambia anataka kwenda kuangalia mwenyewe, kama ni kweli ajue, kama ni uongo pia ajue.

Basi nikaanza research. Nilipenda sana hii kazi, sijui kwa nini.

Treni ya Voi ni comfortable, magoti ya Mama yangeshukuru. Lakini ile ya mchana inafika Mombasa jua limeshaanza kushuka, na Baba alisema asubuhi.

Nikachagua Probox, zile gari ndogo za abiria, ya alfajiri hadi Maungu barabara kuu, halafu basi. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa, ila nilisahau foleni ya malori. Pale Mariakani tulisimama hadi Mama akamaliza njugu zote.

Likoni tukavuka na feri, tukapanda matatu, mwisho boda mbili kwenye njia ya mchanga. Tukafika adhuhuri.

Mnara tuliuona vizuri sana. Shida ni kwamba kati yetu na mnara kulikuwa na bahari.

Yule wa boda akashangaa. "Kwani hamkuuliza maji? Saa hizi yamejaa, mama. Njia iko huko chini. Njooni kesho asubuhi, yatakuwa yamekupwa."

Wakuu, niliuliza nauli, nikauliza barabara, nikauliza hata choo. Maji sikuuliza. Sisi watu wa mlimani tukisikia maji tunafikiria tenki.

Tukalala lodging ya karibu. Mama hakulalamika, ila mimi nikaogopa. Je, tukipanda na tusione kitu?

Asubuhi bahari ilikuwa imerudi nyuma, tukatembea juu ya mawe na viatu mkononi. Mlinzi wa pale, baada ya kusikia habari ya Baba, akafungua mlango. Mama alipanda ngazi akipumzika kila kona.

Juu, nikaangalia bara. Minazi, vilima, ukungu. Nikazungusha macho, nikapiga na zoom ya simu, sikuona kitu. Roho iliniuma, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji.

Mama akanishika mkono. "Wewe unaangalia karibu. Peleka macho mbali. Si ule pale na bega lake?"

Jua lilikuwa limepanda kidogo nyuma yetu. Na kweli, mbali kabisa, kulikuwa na kitu cha buluu, kidogo, bega moja limelala upande. Hilo bega tumekua tukiliangalia kila siku tukienda shule.

Mama alilia. "Alikuwa anatuona," akasema. "Miaka yote hiyo, na mimi nikimwambia aache uongo."

Tulikaa pale juu mpaka maji yalipoanza kurudi na mlinzi akatuita.

Funzo: ukienda mahali kama hapo, uliza bahari kwanza, nauli baadaye. Na lala huko huko, usijaribu kwenda na kurudi siku moja.

Sasa nahitaji msaada wenu. Tangu turudi, Mama ameamua kupanda Kasigau hadi kileleni asubuhi kukiwa kweupe, atafute mnara. Nimemwambia habari ya magoti, hasikii. Anasema Baba alimwona miaka yote hiyo, sasa ni zamu yake kumwona.

Waliowahi kupanda, njia ya upole ni ipi?