Matumbawe Mawili Katika Tangi Moja

Mwezi uliopita nilikwenda kung'olewa jino. Katika chumba cha kungojea palikuwa na tangi kubwa la kioo lenye samaki, na katikati yake tumbawe la kijani nililolitambua mara moja. Lilijaa vikombe vidogo vya mawe, kila kikombe kikipeperusha nywele laini zenye ncha nyeupe. Fundi aliyekuwa akisafisha kioo aliniona nimekodoa macho, akaniambia tumbawe si jiwe, ni mnyama. Hilo nalijua. Kisha akaniambia nisilolijua. "Huyu mkorofi. Ukimweka karibu na mwenzake, giza likiingia hutoa nyuzi ndefu zenye sumu, amchome mpaka amuue. Sharti uwaachie shibiri mbili." Jino lilitoka, lakini usiniulize lilitokaje.

Sasa twende Kibokoni, mtaa nilikokulia, kwa bibi aliyenilea. Mjomba wangu alikuwa mpiga mbizi, akikamata samaki wa mapambo kwa ajili ya mfanyabiashara aliyewasafirisha ng'ambo. Tangi moja lilipopata ufa aliliziba kwa gundi, akaliweka ukumbini kwetu. Kila baada ya siku mbili alirudi kutoka Liwatoni, bandari ya wavuvi, na madumu ya maji aliyoyateka nje ya mwamba, kwani ya hapo bandarini yalijaa mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuyamimina kikombe kimoja kimoja nisivuruge mchanga. Nyumba nzima ilinuka bahari na iliki. Mjomba alimletea bibi tumbawe la kijani, na jirani yetu, sahibu wa bibi tangu usichana wao, akamletea la kahawia, la mviringo kama andazi. Jirani hakuwa na tangi, kwa hivyo lake likaishi kwetu. Siku hizi kung'oa matumbawe ni marufuku, na ni haki. Wakati ule hakuna aliyetukataza, na sisi hatukuuliza.

Kila alasiri jirani alikuja na sahani ya kaimati, wakaketi mbele ya kioo na kutaniana. Jirani alidai lake limenenepa. Bibi alisema halijanenepa, limevimba kwa usingizi kama mwenyewe. Walicheka mpaka leso zikawaanguka mabegani.

Bibi alipenda kusema kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Nilikuwa na miaka tisa, na maneno ya watu wazima niliyachukua yalivyo. Nikayatazama matumbawe yale, kila moja kwenye pembe yake kama waliogombana, na asubuhi moja nikatia mkono majini nikayasogeza mpaka yakagusana. Bibi alipoyaona alisema yamependeza. Nilijiona nimetenda jambo la maana sana.

Baada ya siku nne la jirani lilikuwa jeupe ubavu mmoja. Baada ya wiki lilikuwa jeupe lote. Jirani alilitazama kwa muda, sahani ingali mkononi.

"Lako lanawiri, langu lafa," alisema. "Juzi ulilisifu hukusema mashallah. Hili ni jito la husuda."

"Mimi nikutie jito wewe?" bibi alimuuliza. Jirani alijitanda buibui lake akatoka.

Mjomba alisema huenda ni maji, hakuna aliyemsikiliza. Bibi alifukiza ubani ukumbini, kisha akamwambia mjomba aliondoe tangi lote. Ramadhani ilipofika, sahani za futari hazikuvuka ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikizibeba, na magharibi nilisimama mlangoni mikono mitupu, nikiwa na huzuni ambayo sikujua pa kuipeleka. Kwenye harusi bibi na jirani walisalimiana salamu kamili, hali za nyumbani, hali za watoto, kisha kila mmoja akatafuta mkeka wake.

Na kabla ya hayo yote mwambani nilikuwa nimekwenda! Maji yalipokupwa mjomba alinishika mkono, nikaona kila tumbawe limejiwekea ujia mwembamba kati yake na la pili. Sikujiuliza kwa nini.

Nilipotoka kwa daktari, shavu limevimba, nilikwenda moja kwa moja Kibokoni. Nyumba yetu iliuzwa, na ukumbi ule sasa ni duka la zawadi za watalii. Mjomba hayupo tena, na barazani wamekaa watu nisiowajua. Jirani yupo, ingawa ngazi haziwezi tena. Nilimweleza yote: mkono wangu, zile nyuzi, ile sumu. Nikamwomba radhi kwa niaba yangu na ya bibi.

Hakushangaa. Alinipapasa goti.

"Mwanangu, wiki ya pili nalikuwa nishajua si jito," alisema. "Naliona haya kurudi. Kila siku nikinena, kesho ntakwenda."

Kesho hiyo ilichukua miaka sita, mpaka asubuhi alipoitwa kuja kumwosha bibi kabla ya sanda.