Herufi ya Bata kwenye Hesabu ya Ziwa

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Picha ya mfalme wa Wabelgiji ilikuwa imeshatolewa ukutani pale shuleni kwetu Rumonge, kando ya Tanganyika, ila msumari ulibaki, direkta, mkuu wa shule, akatundika kofia yake. Tukawa tunasimama wima mbele ya kofia.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu wa sayansi, kijana kutoka Uvira, suruali fupi, sauti kubwa. Alisema ziwa lote linaenea kwenye tablo, ule ubao mweusi. Akaandika: mvua, jumlisha mito, toa maji yanayotoka, toa mvuke. Kinachobaki ndilo ziwa. Mvuke nao una hesabu yake ndani: jua, upepo, ukavu wa hewa. Na jua hilohilo linaotesha vijimea visivyoonekana, wadudu wa majini wanakula vijimea, ndagala, vile visamaki vidogo, wanakula wadudu, sisi tunakula ndagala.

"Kosea juu hapa," alisema akigonga tablo, "huku chini mama yako anakosa mboga."

Mimi nilipenda sana. Sikusema, maana sikuwa nasema kitu. Nikiitwa tu, jasho. Labda ndiyo sababu nilipewa kazi ya kupima mvuke: karai la maji nyuma ya jiko la shule, na rula, kila asubuhi. Karai halikuulizi maswali.

Shida, maji yalipungua kupita kiasi. Hata siku ya mawingu yalishuka kama mtu ameyachota. Tulipoingiza namba zangu kwenye hesabu, ziwa lilikauka kabla hatujamaliza sekondari, na kule Gitaza wanakoanika samaki, ndagala wangejianika wenyewe.

"Weye mutoto umekunywa Tanganyika yote!" wenzangu walipiga kelele. "Fungua mudomo tuone mitumbwi!"

Direkta akasikia. Namba za uongo ni uongo, alisema, na mwongo anarudi kwao. Nilipewa mpaka Ijumaa kueleza maji yalikwenda wapi. Kwetu ni Kizuka, kukamua mawese na baba, ambaye kusema kweli angefurahi.

Asubuhi iliyofuata nilikuja mapema nikajificha nyuma ya kuni. Direkta akatoka kwake na kaptula ya kulalia, akafungua banda. Bata wake wakaenda moja kwa moja kwenye karai. Wakanywa, wakaoga, wakapiga mabawa, maji yakaruka mpaka usoni kwangu.

"Ogeni vizuri, watoto yangu," direkta aliwaambia, kwa sauti ambayo sisi hatujawahi kupewa.

Nilijua jibu. Sasa niliseme kwa mdomo gani?

Ijumaa direkta alikuja kukaa kalasini, kiti cha mbele. Mwalimu akaniita. Nikaandika hesabu ya karai: maji ya jana, jumlisha mvua, toa mvuke, toa B.

"B iko nini?" mwalimu aliuliza.

Niliiambia chaki. "Bata."

Kalasi nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Bata ya nani?" Huyo sasa alikuwa direkta.

"Yako, direkta. Zinaoga mule asubuhi."

Mwalimu aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Direkta alikuwa ametoa macho, lakini nadhani hesabu ilimnasa na yeye, maana aliuliza polepole, "Na zinamaliza maji kiasi gani?"

"Hatujui bado," mwalimu alisema. "Mutoto aweke karai mbili, moja aizungushie wavu. Tofauti yake ndiyo B."

Direkta aliitazama ile herufi kwa muda.

"Basi abaki," akasema. "Abaki apime."

Jumatatu nilimkuta karibu na makarai, bata mmoja kwapani. Alinitazama nikisoma rula.

"Na mimi, kwenye hesabu yako, niko herufi gani?"

"D, direkta."

"D inafanya nini?"

Nilifikiri ukweli ni upi.

"Inafungua banda."