Nukta Nyekundu Juu ya Kibanda cha Pancha

Mkono wa kushoto wa Mama Friji haunyooki. Akikaza nati nyuma ya friji la mteja, huubana ubavuni, na wateja wapya hudhani alizaliwa hivyo. Ulivunjwa kwa nondo, asubuhi, mbele ya kibanda cha shemeji yake.

Nje ya ufundi wa friji, mjane huyu ana ugonjwa mmoja: redio. Si ya kusikiliza taarifa, ni ya kuzungumzia. Yeye na wenzake wachache wana leseni, na juu ya kilima walifunga ripita, mtambo unaopokea sauti hafifu na kuirusha mbali. Kila mmoja ana pia kidude kinachosoma satelaiti na kutangaza hewani mahali kilipo. Kwenye kompyuta ya Mama Friji, wote huwa nukta zinazotembea juu ya ramani.

“Bucha, nakuona,” humtania muuza nyama wa kundi lao. “Umepita mlango wa benki bila kuingia.”

“Niingie kufanya nini, dada? Kupigwa na kiyoyozi?”

Wezi walipopanda kilima mara ya kwanza, walichukua betri za ripita. Mara ya pili walimkuta mlinzi, mdogo wake Bucha, wakampiga kwa spana ya magurudumu mpaka uso wake haukutambulika. Alikufa njiani kwenda hospitali. Betri wakaondoka nazo, wasijue kwamba katika sanduku la mojawapo Mama Friji alikuwa ameficha kidude.

Nukta nyekundu iliteremka kilima, ikafuata lami, ikasimama juu ya kibanda cha pancha. Fundi wake ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Friji.

“Betri ziko kwa fundi pancha,” alitangaza hewani. “Nukta haisogei.”

“Kwa shemeji yako?” Bucha aliuliza.

“Nukta haina shemeji.”

Wanaume wa kundi waliondoka na nondo. Yeye alibaki akikodolea kioo cha kompyuta, na hapo ndipo akaona alichopaswa kukiona mwanzo. Kila ripoti ya kidude huonyesha kituo kilichoidaka, yaani redio ya mwanakundi gani. Antena yake mwenyewe, mitaa miwili tu kutoka kibandani, ilikuwa imeacha kukisikia kidude. Aliyekisikia sasa ni mwalimu mmoja wa kundi lao, ng'ambo ya kilima, na ripoti zilimfikia Mama Friji kwa intaneti. Toka kibandani, mawimbi yale hayafiki kwa mwalimu. Kilima kizima kimekaa katikati, na ripita ya juu yake haikuwa tena na betri.

Kidude kilikuwa kimehama. Kikiwa chini ya bati hakioni satelaiti, basi hurudia kutangaza mahali pa mwisho kilipopajua, kama mlevi anayemwelekeza dereva kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.

“Bucha, rudi! Si yeye!” Hakuna aliyejibu. Redio zilikuwa zimeachwa ndani ya gari.

Alikimbia peku. Alimkuta shemeji yake chini, jicho moja limepasuka, shingoni amevalishwa tairi alilokuwa akiliziba. Petroli ilikuwa imekwisha kumwagwa. Mama Friji alijitupa juu yake, na nondo iliyokuwa njiani ikatua mkononi mwake. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu.

“Toka, dada!” Bucha alifoka, kiberiti mkononi. “Wewe ndiye uliyesema yuko hapa!”

“Nilisoma vibaya! Anayekisikia ni mwalimu! Mwalimu peke yake!”

Vilio Bucha alikuwa amevisikia vya kutosha asubuhi ile. Lakini hili lilimsimamisha. Alitazama kilima, akamtazama mtu aliyelowa petroli.

“Mwalimu?” aliuliza. “Kutoka hapa kibandani?”

Kiberiti kikamponyoka kabla hajakiwasha.

Betri zilikutwa baadaye ng'ambo ya kilima, ndani ya gari lenye bodi ya bati. Wezi walikuwa wamezibiwa pancha kibandani, wakahamishia mzigo humo kutoka gari lao la wazi wakati fundi ameinamia gurudumu, kisha wakamuaga kwa heri.

Mama Friji bado hupeleka pikipiki yake pale. Hakuna fundi mwingine karibu. Shemeji yake huzamisha mpira kwenye beseni, akitafuta mapovu kwa jicho lililobaki. Hamwiti tena shemeji.

“Mama,” alimwuliza hivi karibuni, bila kuinua kichwa, “na leo kompyuta yako inasema niko wapi?”

Mama Friji alishika usukani kwa mkono mzima, akasubiri pancha yake iishe.